Kisu cha Mkono wa Kushoto

Gisenyi, 14 Februari 1999

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyuki wako na yule mbwa mvivu. Mimi na Régis hatujambo, isipokuwa kidole changu cha shahada, na hicho ndicho kimenifanya nishike kalamu.

Nilikwambia nimejiunga na akina mama wanaokata miti ya maharage. Huku Kanama maharage hayakai chini kama ya Karagwe. Yanapanda juu, na kila shina linataka mti wake wa kushika, mrefu kunishinda mimi. Basi tunapogoa mikaratusi midogo, tunakata mianzi kule Cyanzarwe, tunachonga ncha ili miti iingie vizuri ardhini, tunawauzia wakulima. Kazi naipenda sana. Inanikumbusha nikikufuata porini nikiwa mdogo.

Sasa nikaenda kununua kisu sokoni Goma. Cha kukunja, kinang'aa, mpini mwekundu. Muuzaji akaniambia, "Mama, iyi ni kisu muzuri, inaingia mu mufuko. Bon, unataka nini tena?" Nikalipa. Haikupita wiki, nikakigonga mgongo kwa kigogo ili kipasue mwanzi. Kikajikunja chenyewe na kidole changu kikiwa njiani. Kidole kimepona, kisu ndicho kimekufa.

Baba, nimekulia kati ya visu na sijui kununua kisu. Kwetu havikununuliwa, vilikuwepo tu kama vijiko. Niambie nitazame nini.

Na lile jambo letu la wewe kuhamia kwetu: chumba kiko tayari, Régis amekipaka chokaa. Mwaka jana nilikuomba ungoje kwa sababu ya usalama. Sasa njia ya Ruhengeri imetulia na mabasi yanapita. Tangu Mama afariki unakula peke yako, na mimi nikiketi mezani nakuona. Njoo, Baba.

Bintiyo,
Munezero


Kimuli, Karagwe, 21 Machi 1999

Mwanangu Munezero,

Marahaba. Mimi mzima, nyuki wazima, mbwa amelala. Mgongo unalalamika, lakini huo ni wa siku zote. Nisalimie mkwe wangu.

Nimesoma barua yako nikacheka, halafu nikaona haya kwamba mtoto amejikata na mimi nacheka, halafu nikacheka tena. Kisu cha kukunja! Hicho ni cha kumenyea chungwa ukiwa kwenye basi. Kisu cha porini hakina kiungo. Chuma kianzie kwenye ncha, kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, kipande kimoja. Siku utakapokigonga, nguvu yote inakwenda pale chuma kinapoingia kwenye mpini, na chuma kikiishia njiani, kinavunjika hapo. Kwa hiyo ukipewa kisu, kigeuze utazame kitako chake. Usipoona chuma, mrudishie mwenyewe.

Urefu usizidi sana kiganja chako. Kikizidi hapo unataka panga, na panga lina kazi yake. Kinachong'aa kama kijiko kiogope, utakinoa mpaka Pasaka na hakitashika makali. Tafuta chuma cheusi, kile kinachopata kutu. Kutu utaizuia kwa kupaka samli. Mpini ujae mkononi na usiwe na mapambo, mapambo yanachuna ngozi. Na unapokata, mkono mwingine ukae nyuma ya makali. Siku zote nyuma.

Lakini kwa nini nikufundishe kununua na mimi nipo hai? Faradji, yule mfua chuma wa hapa sokoni, amekufulia kimoja kwa springi ya Landrova. Mpini nimeuweka mwenyewe, wa mzaituni mwitu, na ala ya ngozi nimeishona. Atakuletea Jack, dereva wa lori.

Juu ya kuja: asali ya mwezi wa sita hawezi kunirinia jirani. Tutazungumza baada ya hapo.

Babako,
Juvénal


Gisenyi, 9 Mei 1999

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za mgongo? Huku hatujambo, mvua tu inatupiga kama tuna deni nayo.

Kisu kimefika, nusura kisifike. Kwenye kizuizi cha barabarani askari walifungua kifurushi. Miaka hii huku, mtu akibeba chuma namna hiyo anaulizwa maswali, na baada ya tuliyoyaona sisi wenyewe hatushangai. Jack akawaambia ni zawadi ya mzee kwa binti yake. Askari mmoja akauliza, "Baba gani anapa binti yake kisu ya namna iyi?" Jack akajibu, "Ule anamupenda." Wakacheka, wakamwacha apite. Jack alipokuwa akinisimulia nilijifanya natafuta kitu chini ya kiti ili asione macho yangu.

Ni kisu kweli kweli. Nimekigonga kwenye mikaratusi minene kama mguu wangu na hakikutikisika. Kila mama katika kikundi amekiazima. Ila kiongozi wetu, Mukashyaka, mjane wa Cyanzarwe ambaye amekata mianzi tangu ujana wake, alikipima mkononi akasema, "Eh, mwana wangu, iyi iko ya kuvunja mulango ya gereza? Iko na nguvu, sikatai. Lakini mwanzi haipende kisu munene."

Baba, anasema kweli. Chako kinapasua mwanzi, lakini kikiupasua, ufa unakwenda unakotaka mwanzi, si ninakotaka mimi. Cha kwake ni chembamba, na kimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili uko bapa. Anaulaza ule ubapa kwenye mwanzi, anasukuma, na ukanda unatoka mrefu, laini, wa kusukia vikapu. Aliniachia nijaribu, nikapiga kelele kama mtoto. Je, naweza kukisaga chako upande mmoja kiwe namna hiyo? Nauliza kabla sijafanya, unaona nilivyo na adabu.

Mwezi wa sita umekaribia. Chumba kimekauka.

Munezero wako


Kimuli, 30 Mei 1999

Munezero,

Marahaba. Mimi mzima.

Usikiguse. Nimekaa na Faradji siku nzima moshi ukitutoa machozi, tukapata unene ule, na wewe unataka kuusaga kwa sababu mama mmoja amekunja pua? Kisu kilichonolewa upande mmoja ni nusu ya kisu. Mwambie hivyo, mwambie nimesema mimi.

Muulize pia, kikikutana na fundo la mwanzi kinapinda au hakipindi. Na ananoa kwa jiwe gani? Mawe ya volkano huko ni makavu, yanakula chuma. Halafu ule ukanda anaouchuna, unene wake ni kama nini? Si kwamba nataka kujua. Nauliza tu.

Naona nimekuandikia kwa ukali, na wewe hujakosa kitu. Nilikuwa na njaa. Kiweke chako kwa miti migumu, na kwa mianzi tumia cha huyo mama, kama lazima.

Kuhusu safari, usinisukume. Asali kwanza, halafu paa la ghala linavuja.

Babako


Gisenyi, 29 Agosti 1999

Baba,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili tangu Juni na hukujibu. Ya kwanza nilidhani imepotea njiani. Ya pili aliibeba Jack mwenyewe, akasema aliiacha kwa Faradji, na Faradji hakutaka kumtazama usoni.

Majibu ya Mukashyaka nilikuandikia, sasa nayarudia: hakipindi, ananoa kwa jiwe la mtoni ambalo hulilowesha kwanza, na ukanda ni mwembamba kama ganda la kitunguu. Anasema, "Uyu baba yako anauliza sana kwa mutu ambaye haitaki kujua." Nilidhani ungejibu hata kwa hasira. Ningefurahi na hasira.

Kama umenuna kwa sababu ya kisu, sikukisaga. Kama unaumwa, niambie. Silali vizuri. Régis ananiambia barua huchelewa, lakini na yeye siku hizi ndiye anayekimbia kumuuliza Jack kabla yangu.

Tafadhali Baba, hata mstari mmoja.

Munezero


Kimuli, 19 Septemba 1999

Mwanangu,

Usiogope mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto na mstari unapanda mlima.

Ilikuwa Juni. Nilikuwa porini peke yangu nachonga mdomo wa mzinga, kisu kikateleza kikapita kiganjani, chini ya dole gumba la kulia. Nilifunga kwa shati nikatembea mpaka zahanati. Walishona vizuri, kidonda kimefunga. Lakini dole gumba halikunjiki tena. Halishiki kisu, halishiki hata kifungo. Faradji huja kunifungulia makopo. Nilimkataza asimwambie Jack.

Macho pia, Munezero. Kisu hakikuteleza kwa bahati mbaya tu. Sikuona vizuri makali yalipokuwa.

Unajua mimi ni mtu gani. Nilitaka nije kwako nikiwa mtu wa kazi, nikuchongee mipini, nikupogolee miti, mkwe wangu aseme nyumba imepata mtu. Mzee wa kuketi sebuleni anashikiwa kikombe, akisogezwa pamoja na kiti chake wakati wa kufagia, huyo sitaki kuwa. Nitakaa hapa ambako watu wanajua nilivyokuwa. Kile chumba mpeni mpangaji.

Usilie sana. Mimi nimeshamaliza.

Babako


Gisenyi, 10 Oktoba 1999

Baba,

Shikamoo, ingawa leo heshima inanitoka kwa shida.

Tangu Juni! Ulijifunga shati mwenyewe, ukatembea mwenyewe, ukanyamaza mwenyewe, na mimi huku namlaumu Jack. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu Régis akanikalisha chini akanipa chai. Hukuniuliza kama nataka mipini. Mimi nakutaka wewe. Nataka nisikie ukikohoa asubuhi kabla jua halijatoka. Nataka unitanie mbele ya watu. Hata ukikaa sebuleni bila kunyanyua kitu mpaka mwisho wa dunia, bado nakutaka. Hayo ndiyo yangu, nimeyasema.

Sasa ya Mukashyaka. Nilipomsimulia hakusema pole. Aliuliza, "Mukono wa kushoto iko muzima?" Nikasema uko mzima. Akanivuta mpaka kwa Kimenyi, anayefua visu vyao vya mianzi.

Unaona, kisu chao ni cha mkono wa kulia. Ubapa ndio unaolala kwenye mwanzi. Ukikihamishia kushoto, ubapa unageukia juu na makali yanazama ndani ya mti, hukati kitu. Kwa hiyo Kimenyi amefua kimoja na kukinoa kinyume. Anasema hajawahi, na wenzake walimcheka. Chuma kinapita mpaka kitako, nilikitazama kabla mpini haujafungwa. Mpini ni mnene, kwa mkono usiozoea. Na kazi ile, Baba, haitaki macho sana. Mukashyaka hukaa akichuna huku anatazama barabara na kuwasema wapita njia. Anasema kidole ndicho kinaona.

Nimekijaribu. Kwa mkono wangu hakifai hata kidogo. Kikundi kizima kimekijaribu, hakuna anayekiweza. Ni kisu cha mtu mmoja, na huyo mtu yuko Kimuli ananuna.

Sitakutumia. Huko hakuna mianzi. Kiko kwenye msumari, chumbani kwako. Mpangaji hatukutafuta.

Jack atapita kwako mwisho wa mwezi, na kiti cha mbele hakina mtu.

Bintiyo mwenye hasira na mwenye kukupenda,
Munezero


Kimuli, 31 Oktoba 1999

Mwanangu,

Marahaba. Jack anapiga honi nje, kwa hiyo hii ni fupi. Anapitia Mwanza kwanza na hii barua atampa mwenzake anayekuja moja kwa moja, ili usishtuke ukiniona mlangoni.

Mizinga nimemwachia Faradji, na mbwa pia. Alilia, Faradji, si mbwa. Nakuja kukitazama tu hicho kisu. Kimenyi kama amekinoa kwa pembe ya wima, hakitafaa, na nitamwambia usoni. Kikiwa hakifai narudi na lori hilo hilo.

Mimi pia nakukosa. Miaka yote nikikuandikia kwa mkono wa kulia sikuwahi kuandika hivyo, sijui kwa nini.

Babako


Gisenyi, 16 Desemba 1999

Kwa Baba, Cyanzarwe, kwenye mianzi ya Mukashyaka

Baba,

Shikamoo. Leo afya yako siiulizi, maana nilikuona Jumatatu ukila sahani mbili za viazi na kumwambia Régis havikuiva.

Nilikuleta Rwanda ili nipumzike kuandika barua. Ulikaa kwenye nyumba yangu juma moja, ukapanda mlimani kwa Mukashyaka "kujaribu makali", na sasa ukishuka unakuja kama mgeni, unakula, unaondoka. Anayeleta maziwa kutoka huko amenieleza kwamba amewakuta wewe na Mukashyaka mkibishana juu ya jiwe la kunolea tangu asubuhi, na kwamba hakuna aliyekuwa na hasira. Ameniambia pia kanda zako zinatoka nene upande mmoja, lakini zimeshapata msusi wa vikapu na msusi hakulalamika. Nimesimama pale mlangoni na jagi la maziwa nikacheka mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini.

Jumamosi nitakaanga sambaza, wale dagaa wa ziwani. Shuka mapema, mje wote wawili. Leta na nguo chafu nizifue, usijifanye unazo safi.

Habari zilizobaki siandiki tena. Nitakwambia tukiwa mezani.

Munezero