Nyekundu Ndiyo Baridi

Mpendwa Dada Rukia,

Agosti ile ya 2014 nilikuwa na wiki tatu tu za kazi ya ndani Mirdif, huko Uarabuni, nawe ulikuwa umeshatumika miaka sita katika nyumba ile ile ya madam. Ulinipandisha juu ya paa ukanionyesha tangi. Ukaniambia maji ya mji huu yanavutwa baharini, mitambo inayatoa chumvi, yanasukumwa kwa mabomba chini ya mchanga hadi tangi la uani, kisha pampu inayaleta hapa.

“Na hapa jua linayapika bure,” ukasema. “Hita tumeizima, maji yake yamepoa humo ndani. Ukiogesha mtoto, fungua nyekundu, ya hita. Bluu inatoka tangini, itamuunguza.”

Nilicheka. Ulikuwa umeshanifanya nimsalimie paka wa jirani kwa Kiarabu, nikajua huu ni mzaha mwingine wa watu wa Mombasa.

Kesho yake mchana nilimsimamisha mtoto wa madam bafuni, nikafungua mfereji wa bluu mpaka mwisho. Kilio kile bado nakisikia. Mapaja yake yaliiva nikiyaangalia.

Madam aliingia mbio, akaung’oa mpira wa maji ya kuogea ukutani pamoja na kichwa chake cha chuma. “Nani?” Ulikuwa umesimama nyuma yake na taulo mkononi.

“Mimi, madam,” ukasema.

Alikupiga na kile chuma mdomoni. Ulipoanguka alikupiga mgongoni, kichwani, mikononi ulipojikinga, mpaka damu ikazunguka na maji kwenye tundu la sakafu, na jino lako likizunguka nayo. Mimi nilimkumbatia mtoto, nikanyamaza. Sauti nilikuwa nayo. Niliogopa kupigwa, basi.

Jioni sir, mume wa madam, alisema, “Khalas. Yalla, airport,” yaani kazi yako imekwisha, unarudishwa kwenu. Ulipita mlangoni umeziba mdomo kwa leso, ukaninong’oneza, “Nyekundu, Nafula. Usisahau.”

Namchukia yule mwanamke hadi leo, na mimi mwenyewe najichukia zaidi. Sasa niko Bungoma. Mfereji wangu ni mmoja, na hata maji ya mvua nayatia mkono kwanza kabla ya kuogesha wanangu. Yule mtoto amekuwa mkubwa, na bila shaka ameambiwa makovu yake ni kazi ya Rukia. Nimeandika hapa hadharani ili yeyote anayekujua akusomee, maana namba yako haikupatikana tena.

Popote ulipo, Mungu akupe maji baridi.

Mdogo wako,
Nafula, aliyefungua bluu