Njia ya Korongoni

Jumanne, 2 Julai

Ukungu haukuondoka mpaka karibu saa nne. Nimeshona nikiwa na sweta mbili, na bado vidole vilikataa kushika sindano. Sare za shule hazijaisha. Cherehani inakata uzi kila dakika.

Nimeanza kile kijitabu. Bwana Elisante, mwenye hoteli mpya hapa kwetu Juukwajuu, anataka mwongozo wa wageni: watembee wapi, wale wapi, picha wapigie wapi. Kanichagua mimi kwa sababu nimezaliwa kwenye kilima hiki na naandika vizuri. Baba alitoka Kondoa kuja Mbulu kuuza vitambaa. Alipojenga huku juu watu wa sokoni walimcheka, eti huku ni kwa mbuzi na upepo. Sasa waliocheka wanatafuta kiwanja na hawapati.

Nimeandika mwanzo. "Ukifika stendi, inua macho. Kule kwenye mikaratusi, nyumba zilikopandana kama ngazi, ndiko Juukwajuu." Nimeusoma tena na tena. Mzuri. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, 4 Julai

Nimefunga duka mapema, nimezunguka mtaa mzima. Kwa fundi baiskeli sasa wanauza kahawa ya mashine. Kwa mama wa vitumbua pana ukuta wa mawe na maua ambayo sijui majina yake. Niliocheza nao rede wameuza, wamehamia ng'ambo ya mto. Siwalaumu. Nimewakumbuka tu.

Juu kabisa amebaki Bibi Paskalina na mbuzi wake. Mjane. Ndiye aliyemfundisha mama kulima huku, kwenye mteremko, udongo usitelemke na mvua. Wanawe wanamwambia auze, hataki hata kusikia. Nimemwamkia, kanipa maziwa mgando, kaniuliza naandika nini. Nikamweleza. Kacheka.

"Waandikie njia ya kupita," kasema. "Mengine wataona wenyewe, wana macho."

Njia ndiyo shida. Barabara yetu ya zamani, ile ya mkokoteni, ilipita pale hoteli ilipo. Bwana Elisante alinunua pande zote mbili, akaweka geti katikati. Magari ya wageni yanapita. Sisi wa juu tunashukia korongoni, nyuma ya ukuta wake, chini ya mikaratusi. Pembamba. Utelezi. Giza hata mchana.

Bado sijajua nitaiandikaje hiyo.

Jumamosi, 6 Julai

Korongoni kunanuka. Vichwa vya kuku, matumbo ya mbuzi, mifupa yenye nyama bado. Jikoni mwa hoteli wanamwaga juu ya ukuta. Siku za nyama choma ndizo mbaya zaidi. Kunguru hawaruki hata ukiwatupia jiwe.

Mbwa wa mwenye genge hajaonekana tangu juzi.

Jumatatu, 8 Julai

Nyayo. Nilidhani za mbwa, nikataka kupita. Bibi Paskalina kanishika mkono, kaonyesha kwa fimbo: za mbele kubwa, za nyuma ndogo, kucha zimechimba tope.

"Fisi," kasema. Kama mtu anayesema mvua.

Sokoni wanasema si fisi wa kawaida, ni mtu, na majina yanatajwa. Nimemweleza Bibi. Katema mate pembeni. "Fisi ni tumbo tu, mwanangu. Ukimlisha, anarudi."

Jioni nimekwenda kwa Bwana Elisante. Mtu mpole, hilo siwezi kumnyima. Kaniagizia chai ya tangawizi, kanikalisha barazani, mji wote chini yetu. Nimemwambia mawili: taka zizikwe, na geti lifunguliwe alfajiri, watu wapite barabarani wanapokwenda sokoni na kanisani.

Shimo litachimbwa, kasema. Geti hapana. Wageni hawajalipia kuamshwa na watu wenye ndoo.

Wakati naondoka kaniita. "Mwanaidi. Usiandike fisi. Andika ndege."

Nimecheka. Sijui kwa nini nilicheka.

Jumatano, 10 Julai

Mbuzi wa Bibi, yule mwenye mimba. Ubavu wazi, bandani, asubuhi. Bibi hakulia. Kafukia, kaziba banda kwa miiba, kaendelea na kazi.

Shimo halijachimbwa.

Mwenyekiti wa mtaa kasema ameshapiga simu kwa watu wa wanyamapori, watakuja. Nimekaa kuandika. "Usipite korongoni kabla jua halijatoka, wala baada ya kuzama. Kuna fisi." Ukurasa wa kwanza kabisa, kabla hata ya sifa za kilima. Nimempelekea Bwana Elisante kazi yote. Kapokea kwa mikono miwili, kashukuru.

Ijumaa, 12 Julai

Kijitabu kimetoka. Karatasi inang'aa. Jina langu liko nyuma.

Ukurasa wa fisi haumo. Mahali pake pana picha ya korongo, jua linapenya kwenye majani, na maneno ambayo sikuandika: "Furahia matembezi ya alfajiri katika njia ya asili." Alfajiri!

Bwana Elisante kasafiri, yuko Arusha. Simu haipokelewi. Mlinzi wa geti, Daudi, mtu mzima kutoka Maretadu, kaniangalia nikisoma. Nikamwomba: Jumapili alfajiri amfungulie Bibi Paskalina aende misa. Mtu mmoja tu, na fimbo yake.

"Dada, hata kwa magari geti ni saa mbili. Nina watoto."

Niliingia mapokezi, nikakusanya vijitabu vyote vilivyokuwa mezani, nikavitia kwenye kikapu pamoja na vitambaa, nikatoka navyo. Msichana wa pale kaita jina langu. Sikugeuka.

Nimepanda kwa Bibi. Nimemsihi aende misa ya pili, nitamsindikiza, jua likiwa limetoka. Kasema, "Nimesikia."

Hakusema sawa. Alisema amesikia.

Jumapili, 14 Julai

Nimerudi kutoka hospitali, naandika.

Alikwenda misa ya kwanza. Amekwenda misa ya kwanza maisha yake yote.

Nilikuwa nimetoka kuswali. Nikasikia. Kwanza nilidhani ni mtoto wa jirani, kisha nikajua si mtoto. Nilichukua panga, nikakimbia, wengine wakatoka na tochi na masufuria wakipiga. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona chochote, tuliisikia tu ile pumzi, karibu sana, kisha majani yakivunjika kuelekea juu.

Alikuwa upande wa chini, karibu amalize korongo. Hatua chache tu angetokea kwenye taa za barabara. Mkono. Na shingo, upande. Alikuwa anaongea Kiiraqw, taratibu, kama anayemwelekeza mtu. Tulimfunga kwa kanga yangu, tukamlaza kwenye mgorore wake mwenyewe, ile shuka aliyojitanda, wanaume wakashika pembe. Pikipiki ikatangulia, gari la nyanya likasimama, likatuchukua hospitali.

Kanga siwezi kuifua. Wala kuitupa siwezi.

Jumatatu, 15 Julai

Amefariki kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa nimetoka kununua uji.

Jumanne, 16 Julai

Watu wa wanyamapori wamefika, wamempiga risasi fisi mmoja. Jike. Alikuwa ananyonyesha. Watoto wa mtaa wamekwenda kumwangalia. Mimi nilipita tu, nikaona matiti yake, nikarudi nyumbani kulala mchana.

Kwa hiyo kuna vitoto mahali fulani. Na dume. Mzee mmoja kati ya wale wa wanyamapori amesema hawatembei peke yao.

Wafanyakazi wa hoteli wamefagia korongo, wamemwaga chokaa. Jeupe kabisa. Unaweza kudhani hakujatokea kitu.

Bwana Elisante amerudi. Kaleta mchele na sukari msibani, kasalimia wazee wote, kakaa kwenye mkeka. Kisha kaniita pembeni, kwa sauti ya pole, kauliza vijitabu nimeviweka wapi. Nimemwambia nimeviwashia moto. Uongo. Viko chini ya kitanda. Nilitaka tu kuona uso wake.

Nina hasira.

Alhamisi, 18 Julai

Tumemzika leo.

Mwanawe mkubwa, Gaudensi, anafundisha Katesh. Kimya kama mama yake. Aliamua azikwe kwake, juu, ubavuni mwa mumewe. Gari lilileta jeneza kutoka hospitali likasimama getini, maana korongoni jeneza halipiti. Hata watu wawili hawapishani kule.

Geti limefungwa. Tuko kundi kubwa, akina mama wa jumuiya wanaimba, sisi Waislamu wa mtaa tuko nyuma. Bwana Elisante katokea upande wa ndani, shati jeupe, mikono kifuani.

"Poleni sana, wazee wangu. Wageni wako kwenye chai. Nipeni nusu saa tu wamalize."

Gaudensi aliangalia chini. Wanaume sita waliokuwa wamelibeba kutoka garini wakashusha jeneza taratibu, likakaa kwenye changarawe ya hoteli. Wimbo ukakatika. Nilisikia vijiko vikigonga vikombe barazani.

Bwana Elisante kaniona. Kafungua mlango mdogo wa pembeni ya geti, kanivuta ndani kwa adabu. Kasema wageni wana wasiwasi, niwaeleze mimi, mimi naongea vizuri. "Waambie ni mambo ya mila tu. Wasiogope."

Nikapanda ngazi za baraza. Walikuwa meza kama tano, wengi watu wa Dodoma na Dar, wamevaa makoti mapya ya baridi. Sijawahi kuongea mbele ya watu nisiowajua.

Nikasema, "Shikamooni. Yule pale kwenye jeneza ni jirani yetu, Bibi Paskalina. Ameuawa na fisi Jumapili, nyuma ya ukuta huu, akienda kanisani. Fisi walifuata mifupa ya jikoni. Yeye alipita kule kwa sababu geti hili lilikuwa limefungwa. Na sasa limefungwa tena."

Basi. Sikuwa na zaidi. Bwana Elisante aliita jina langu mara moja, kwa sauti ndogo.

Mama mmoja mtu mzima, mnene, mwenye miwani, akafuta midomo. Akachukua mtandio wake kwenye kiti, akajifunika kichwa. Akashuka ngazi polepole, anashikilia ukuta, akaenda mpaka getini kwa Daudi.

"Baba, fungua."

Daudi alimwangalia yeye, akamwangalia tajiri wake. Kisha akaangalia jeneza. Akatoa funguo mfukoni. Akafungua.

Tukapita katikati ya bustani, juu ya majani yaliyokatwa vizuri, barabara ileile ya mkokoteni. Wageni walisimama wote. Yule mama alikuja nasi mpaka juu, akipumua kwa shida, akatupa udongo kama sisi.

Wakati wa kushuka wanaume walikuwa bado na makoleo na mitaimbo. Hawakupiga kelele wala hawakutukana. Waliliinua geti kwenye bawaba zake, upande mmoja kisha mwingine, wakaliegemeza ukutani. Bwana Elisante alikuwa amesimama barazani. Alionekana mdogo. Sikumhurumia. Nilitaka kumhurumia, ikashindikana.

Jumatatu, 22 Julai

Jana jioni fisi wamelia upande wa pili wa kilima, juu ya kisima cha mtaa. Wawili, au zaidi. Mbuzi wa Bibi sasa wako kwangu, Gaudensi kaniachia. Walijikusanya kona moja, wakasimama wima mpaka nikawawekea taa.

Upande huohuo wa kisima nimeona vigingi vipya vyekundu. Kuna mtu mwingine amenunua. Sijui ni nani. Vimekwenda mbali sana, mpaka msituni.

Ijumaa, 26 Julai

Baridi imepungua. Nimewahi kukamua, nimeshuka kwa barabara.

Geti halijarudishwa. Mwenyekiti kaitisha kikao, wamesema barabara ni ya mtaa, Bwana Elisante katia saini. Uso haukuwa na kitu. Sasa hanisalimii. Daudi kafukuzwa kazi, nimemtafutia nafasi ya kubeba majora ya vitambaa dukani kwa shemeji.

Kaburi wamelichimba pembezoni mwa kiwanja cha Bibi, upande wa nje wa kaburi la mumewe, Gaudensi alitaka hivyo, ili mama awe karibu na njia. Kwa hiyo ukikaa barazani pale hotelini na kutazama juu, unaliona kabla ya kuona kitu kingine. Msalaba wa mbao, mawe meupe. Wanasema wageni wawili wameomba wabadilishiwe meza.

Leo msichana mmoja mgeni alikuwa amesimama pale kaburini, peke yake, simu mkononi, hapigi picha. Kaniamkia. Kaniuliza ni nani huyo.

Nilikuwa nimechelewa, nina gauni la harusi la kumaliza. Nikatua kikapu, tukakaa kwenye jiwe, nikamsimulia.