Ndege Katika Viazi vya Baba

Nyumba ya Setter,
Kisiwa cha Stoura,
Shetland.
19 Oktoba 1986

Mpendwa Kaka Tammas,

Salamu nyingi kutoka kwetu, watu na kondoo. Hujambo huko New Zealand? Mgongo umepoa? Wifi Jessie na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila nina hasira, na nisipokumwagia wewe sijui nitaipeleka wapi.

Boti haijaja siku tisa kwa upepo. Upepo huohuo ndio ulioleta balaa.

Wiki iliyopita ndege mdogo wa Siberia, koo jekundu, alishuka kwenye viazi vyetu, hoi bin taabani. Unakumbuka wageni wa darubini, hawa wanaokuja kutazama ndege, walivyomkimbiza yule wa mwaka jana, watu arobaini shambani, mpaka akaanguka akafa? Baba akakata shauri: "Huyu ale, apumzike. Kesho nitawaambia."

Kesho yake ndege hayupo. Baba akavaa koti la kanisani akaenda kwenye nyumba ya wageni, ninakopika. Si unajua, baada ya chakula cha jioni msimamizi husoma majina ya ndege, na kila mtu husema alichokiona. Baba akataja wake. Huyu msimamizi mpya, Pargeter, akauliza, "Mzee Lowrie, nani mwingine kamwona?"

"Sikumwita mtu."

"Watu wamevuka bahari kumtafuta ndege huyo, nawe ukamficha?"

Mmoja nyuma akaropoka, "Labda alikuwa kuku!" Wakacheka, Kaka! Wakamcheka mtu aliyeandika ndege wa kisiwa hiki miaka hamsini, na vitabu vyao wamevijaza kwa kunakili madaftari yake. Wana haya hao?

Asubuhi Pargeter akachukua kitabu cha nyumba cha kumbukumbu za ndege, akafuta kila ndege ambaye Baba alimwona peke yake. Eti aliyesema uongo leo, hata jana alisema.

Sasa nikwambie nililolificha hadi jana. Mimi nilimwona. Nilikuwa naanika nguo, nikaliona koo lile waziwazi, na Baba aliniona nikimtazama. Na jioni ile nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Baba akanigeukia. Hapa kisiwani nikiipoteza kazi ile sina nyingine, nikaogopa, nikainamia vikombe. Baba akaelewa. Akawaambia, "Basi, labda ni macho yangu. Uzee huu." Huo ndio uongo pekee aliousema, na aliusema kwa ajili yangu.

Jana nilijikaza nikamwendea Pargeter, nikamwambia nilimwona. Hata kichwa hakuinua. "Dada Baabie, wewe ni binti yake. Halafu kama ulimwona, mbona ulinyamaza?" Nilirudi jikoni nikamenya karoti.

Kila Krismasi wewe humtumia Baba daftari. Mwaka huu usitume. Ya zamani yote ameyatia motoni, moja baada ya jingine, na hakunifokea hata mara moja. Afadhali angenifokea.

Nisalimie Wifi Jessie, Erik na mdogo wake Osla. Shangazi Mimie anawasalimu, na meno yake mapya yanambana. Mungu awalinde, awape majirani wenye haya.

Leo bata bukini wamepita juu ya paa, zaidi ya mia, kelele tupu. Nikaita, "Baba, njoo uone!" Hakuinuka kitini. Akasema kwa upole, "Umewaona wewe, mwanangu. Yatosha."

Dada yako akupendaye, asiyejipenda,
Baabie