Karatasi za Kwenye Debe la Rangi

Karakana ya Vitanda,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na dawa za presha, unameza zote au umerudia mchezo wako wa kumgawia jirani nusu? Huku watoto hawajambo. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na anajiona mtu mzima. Mimi mwili wangu mzima. Mume wangu yuko hospitali, ila anakula, anaongea, na jana alicheka mara moja.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Alhamisi iliyopita tulivamiwa hapa karakana, na aliyewatuma wavamizi ni mwanao wa mwisho, Bosi. Nimelitoa neno hilo upesi kwa sababu nikianza kuzunguka sitafika.

Unajua tunavyouza vitanda vya chuma kwa ile hospitali anakofanya kazi Bosi, uhasibuni, na huko nako wanamwita Bosi vilevile. Tunapeleka mzigo, mtunza stoo anasaini kuwa amepokea, tunaandika ankara, halafu tunasubiri malipo miezi mitatu. Mwenye duka la vyuma hanisubiri hata siku tatu. Na miezi hiyo ikiisha, ankara inalala mezani kwa mwanao mpaka tumpe sehemu ya kumi. Alisema ni ya wakubwa wa juu. Tulimwamini, maana ni damu yetu. Miaka miwili tumempa, huku natia viraka sare za watoto.

Mwezi wa pili mshona sare wa jirani akanipa habari za kampuni inayonunua ankara. Nilikwenda roho mkononi, nikidhani ni wale wakopeshaji wa riba za kumtoa mtu ngozi. Kumbe sivyo. Unawapelekea ankara na karatasi zilizosainiwa, wanakulipa sehemu kubwa ndani ya siku tatu, kisha wao ndio wanaosubiri hospitali. Hospitali ikilipa, wanakata chao na kukumalizia kilichobaki. Wanachokata ni kidogo kuliko alichokuwa anatunyang'anya Bosi, na hakuna wa kumpigia magoti. Sharti lao moja tu, hospitali isaini barua kwamba italipa kwao moja kwa moja, isipitie kwetu.

Hapo ndipo nilipofanya upumbavu wangu. Nikasema huyu ni ndugu, asije akasikia pembeni. Jumatatu ya wiki iliyopita nikampelekea barua mimi mwenyewe, na soda baridi juu, nikamweleza kwa furaha kama mtu anayetangaza mimba. Akanipongeza. Akauliza tu, hivi hivi, kama zile karatasi za vitanda sitini vya mwisho tumeshazipeleka. Nikajibu bado, zitakwenda Alhamisi mchana. Mkurugenzi wao akaisaini barua siku ile ile.

Alhamisi saa tano asubuhi wakaingia watu watatu na nondo. Simu zilikuwa mezani, hawakuzigusa. Mmoja akaenda moja kwa moja chini ya meza, akavuta lile debe kuukuu la rangi. Shangazi, wanaojua kuwa karatasi zinakaa humo ni mimi, mume wangu, wewe uliyetushauri tuzifiche panya wasizile, na Bosi, aliyelala hapa mwezi mzima alipofukuzwa nyumba.

Mume wangu akalirukia debe. Wakampiga nondo ya mgongo, akalikumbatia. Wakampiga ya kichwa, hakuachia. Ndipo wakauvuta mkono wake wa kulia, wakaulaza juu ya fuawe, wakaupiga kwa nyundo yetu wenyewe, ile ya kilo mbili. Waliupiga mara nne. Nilisikia mifupa inavunjika, na mwenzangu akazimia.

Sitakuficha nilichofanya mimi. Kwenye jiko la mkaa kulikuwa na bomba linalosubiri kupindwa, ncha yake nyekundu. Nikalishika upande wa baridi, nikamchoma nalo mwenye nyundo pajani, nikakandamiza. Nyundo ilianguka na bado nikakandamiza. Nilitaka litokee upande wa pili, na nikikumbuka sasa hivi sioni huruma. Wenzake wakakimbia na nusu ya karatasi. Yeye akabaki chini, akaniambia, "Dada niache, Bosi wa uhasibu ndiye katutuma." Majirani walipofika alikuwa ameshafunga mdomo, na polisi anawaambia hamjui mtu. Kwa hiyo aliyelisikia jina hilo ni mimi peke yangu.

Daktari amesema vidole vitatu havitakunjika tena. Fundi aliyeifanya kazi hii miaka ishirini hatashika tena mashine.

Wale wa kampuni, siwezi kuwalaumu. Walizitandaza karatasi zilizobaki, zikiwa na damu, wakampigia mtunza stoo, akasaini nakala nyingine za zile zilizopotea. Siku ya tatu wakalipa. Ndizo hela zinazomtibu. Na miwani ya kuchomelea sasa navaa mimi. Nachomelea kitanda kimoja, nampelekea picha wodini, ananitukana, nakirudia.

Juzi Bosi alikuja kumwona mgonjwa na mfuko wa matunda. Akalia pale kitandani mpaka manesi wakamhurumia. Kisha akaniita koridoni, macho makavu. Akataka niwaambie polisi kuwa yule mtu hakutaja jina lolote. Nikamuuliza kwa nini nifanye hivyo. Akasema, "Mama akijua atakufa. Na utakuwa umemuua wewe."

Nilirudi nyumbani nikakaa na maneno hayo siku mbili. Wewe ndiye uliyenilea kaka yako alipofariki. Uliuza kiwanja chako tukanunua mashine ya kwanza. Mimi na Bosi tumeogeshwa beseni moja. Kama angeniomba kwa jina lake mwenyewe, huenda ningelegea, nasema kweli. Lakini amekuchukua wewe, Shangazi, amekuweka mbele yake kama ngao, na mkono wa mume wangu haujatimiza hata wiki tangu upondwe.

Ijumaa saa nne nakwenda polisi kuandikisha maelezo yangu, na nitamtaja. Barua hii nimempa dereva wa vyuma, atakufikishia Alhamisi, ili usilisikie jambo hili kwa mtu mwingine. Ukitaka kunilaani, nilaani. Ukitaka kuja kumwekea mwanao wakili, njoo, utalala kwangu, kitanda chako kipo.

Nisalimie mama mdogo na wanawe, yule fundi saa mkorofi, na jirani yako anayekula dawa zako. Mungu akulinde ulalapo na uamkapo.

Bosi alisema ukijua utakufa. Sasa umejua. Meza dawa, zote, mwite jirani akae nawe, na usife, Shangazi yangu. Usimpe Bosi ushindi huo.

Wako akupendaye,
Binti wa kaka yako.