Kuomba Njia

Mjukuu wangu Diella,

Huku Nyakabiga tu wazima; mama yako amefungua tena duka.

Unauliza kwa nini nchi iandike barua kuacha mkataba uliokufa. Wakati wa vita mi nilikuwa karani wa Bunge. Mkataba mpya ulikuwa umeshachukua nafasi ya ule wa zamani, basi wabunge wakataka wautupe tu. Mbunge mmoja mzee akasimama: "Apana! Ukimaliza bia kwa mutu, unatoka bila kumuomba njia, naye akupe ruhusa ya kwenda?"

Miaka ile wengi walikuwa wametoka makwao bila kuaga jirani. Wabunge wakakubali kutoka, lakini kwa barua. Niliiandika kwa mashine, kurasa mbili. Mpaka leo najiuliza kama kuna aliyeisoma.

Nawe ulipanda ndege nikiwa nimelala. Haya, leo nakupa njia.

Babu yako