Nilinyanyua Mikono Mapema

Marcelina, nakuandikia nje ya hospitali ya Tabora. Akbar anakuja huko Kaliua na lori, atakupa karatasi hii. Kaka yako Alois ameumia, na aliyemwangusha ni mimi.

Ni yale mashindano ya baiskeli ya kuzunguka soko. Nilikuwa mbele, Alois nyuma yangu. Kengele ikalia, nikadhani nimeshinda, nikanyanyua mikono yote miwili. Yote miwili, Marcelina! Kumbe ilikuwa kengele ya mzunguko wa mwisho.

Baiskeli ikayumba. Alois akanivaa, akarushwa mpaka kwenye ngazi za duka la Champaklal.

Nikamkimbilia. Mguu umepinda vibaya, naye ananiuliza, "Raymundi, mbona umesimama? Bado mzunguko mmoja." Mbona umesimama! Bado naisikia.

Mama yenu yuko hapa. Nilimwambia shikamoo, hakuitikia. Mama aliyenilisha tangu utotoni, hakuitikia.

Daktari ametoka sasa hivi. Mguu hauponi, wataukata leo. Alois hajaambiwa. Ndipo mama akanitazama: "Ingia wewe, ukamwambie."

Marcelina, nimesimama mlangoni mwa wodi, karatasi hii bado mkononi. Alois ananiita.