Shikamoo ya Neema na Robini Mweusi

Mama, shikamoo. Huku ughaibuni, hapa Hopkins, ni theluji tupu, chai inapoa kabla sijaipuliza.

Unakumbuka wenzake darasani walimcheka Neema alipomwamkia mwalimu "shikamoo", akaacha kabisa? Hata mimi mama yake ananijibu kwa Kiingereza. Niliogopa ile miaka mitano uliyomlea imefutika.

Jana shuleni kwao kila mtoto alieleza, mbele ya wazazi, habari za ndege aliyemchagua. Nilitoka zamu nikaenda na sare ya kazini, nasinzia. Neema alichagua robini mweusi wa Nyuzilandi. Wengi wa jamii yake wana vifua vyekundu kama pilipili, yeye ni mweusi tii. Walipobaki wachache mno, watu walichukua mayai yao wakayaweka kwenye kiota cha robini wa aina nyingine, naye akayaatamia na kulea vifaranga kama wake.

"Vingine vikawa vinaimba kama mlezi wao," Neema akasema.

Mtoto mmoja akacheka. "Si wamekosea wimbo!"

"Hawajakosea. Mimi nimelelewa na bibi yangu Tanga, ndiyo maana nasema shikamoo."

Akamgeukia mwalimu, akainama kidogo: "Shikamoo, mwalimu." Maskini, mwalimu akampungia mkono tu. Nikaitikia mimi kutoka nyuma, kwa sauti yako kabisa: "Marahaba, mjukuu wangu!"

Darasa zima likacheka, na Neema akacheka kuliko wote. Nilijikaza nisilie mbele ya watoto wa watu.

Goti lako lipone, Mama. Leo asubuhi ametoa shikamoo nyingine, akasema ni ya Bibi. Hiyo sikuigusa. Itikia mwenyewe.

Mwanao, Rehema